Mstari Unaishia Wapi

Mimi ni karani wa kumbukumbu, mahakama ya Shreveport, ghorofa ya tatu.
Miaka kumi na tisa vidole vyangu vinafukuzana na midomo ya watu.
Kikohozi nakiandika kikiombewa radhi. Kilio sikiandiki:
naandika tu, shahidi anapumzika.

Jumanne ile Bwana Prudhomme, mwendesha mashtaka, alisimama na daftari
la kijani, la shule, pembe zimeliwa,
akasoma kama mtu asomaye bili ya gesi:

nina tisa kiunoni nina kumi mfukoni nilimlaza fulani kwenye kona ya alani

Akanyamaza. Watu kumi na wawili wa jopo wakamgeukia kijana,
Javarius Colbert, suti ya kuazima, mikono ya koti imemeza vidole.

Nikafanya nisilolifanya kamwe. Nikainua mkono.
"Samahani, Mheshimiwa. Mstari unaishia wapi?"
Jaji akashusha miwani. "Mstari gani?"
"Wa shairi."
"Hapa hakuna ushairi, Bibi Arceneaux, kuna ushahidi.
Andika mfululizo."

Nikaandika mfululizo.

Akaja mpelelezi kutufasiria. Tisa ni bastola. Kumi ni risasi.
Fulani ni Tavion Guidry, fundi wa matairi,
aliyekutwa kwenye kona ya Alani mwezi Machi,
kiatu kimoja kimevuka barabara bila yeye.
Mama yake alikuwa safu ya pili. Kila liliposomwa "fulani"
alijishika kifua,
maana hilo sasa ndilo jina la mwanawe.

Zamu ya Javarius:
"Niliandika nina miaka kumi na mitano. Tavion alikuwa hai,
ndiye aliyenijazia upepo baiskeli.
Nilishakuwa na 'fulani', nikawa natafuta kina.
Mji huu una mitaa mingapi inayoishia na -ani?"
Mtu akacheka, akaimeza.
"Na hizo kumi za mfukoni?"
"Dola. Nilitamani ziwe dola."

Sijui kama aliua. Silipwi kujua.
Najua babu yangu kila Jumapili aliimba kwamba ameoshwa kwa damu,
na hakuna aliyekuja kuchukua shati lake kulipima.

Usiku, nyumbani, chai imepoa, nikafungua nakala yangu,
nikabonyeza kitufe kimoja, mara nne:

nina tisa kiunoni,
nina kumi mfukoni,
nilimlaza fulani
kwenye kona ya Alani.

Nane. Nane. Nane. Nane. Nilihesabu kwa kidole juu ya meza.
Mtoto wa miaka kumi na mitano, na mizani haikupepesuka.

Lakini hiyo ni karatasi yangu tu.
Ile yenye muhuri, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
haina pa kuvuta pumzi, inakwenda inakwenda inakwenda mpaka kwenye neno hatia kisha inaendelea miaka thelathini na mitano