Kisanduku cha Kwanza

Jumatano saa tatu usiku napanda jiwe la nyuma ya nyumba,
Bugarika, ambako mtandao haukatiki sana,
na simu yangu yenye ufa. Mimi ni fundi wa vioo Makoroboi:
nyufa za watu naziondoa, wa kwangu naulea.
Chini, ziwa limezima. Taa za wavua dagaa tu
zimejipanga kule mbali, ungedhani kuna mji wa pili.

Wanaingia mmoja mmoja.
Kokushubira wa Bukoba, anayeandika bila nukta.
Otuoma, yuko Kisumu, au alisema yuko Kisumu.
Yule ajiitaye Kijiko: mwaka wa tatu huu
sijui ni mwanamume au mwanamke,
ila najua hali bamia.
Na Salha, mwamuzi wetu, mkali kuliko refa wa fainali:
"Simu moja, kichwa kimoja. Anayepekua mtandaoni, atoke."

Picha ya mtu mashuhuri, juu yake visanduku tisa vyeusi.
Salha anafunua kimoja, unakisia.
Mkishindwa, anafunua kingine.
Nimewahi kumtambua waziri kwa tundu la pua,
bondia kwa sikio,
na mara moja mtangazaji wa redio ambaye sura yake sikuwahi kuiona,
nikamjua kwa shingo tu, ilivyoinama
kama ya mtu anayesubiri umeme urudi.
Hilo bado wananidai maelezo.

Usiku ule picha ilikuwa ya zamani, rangi ya chai ya maziwa.
Kisanduku cha kwanza, pembe ya chini kushoto:
kiwiko. Ukingo wa sinia. Basi.

"Hapo hamna kitu," akaandika Otuoma.
"funua funua funua"
Kijiko akatuma kikaragosi kinachokoroma.

Mimi nilikuwa nimeshasimama juu ya jiwe.
Kiwiko kile kina kovu la mafuta ya moto,
refu, limepinda kama ndoana.
Karai nililisukuma mimi. Nilikuwa na miaka minne.
Na sinia ni lile la buluu, limebanduka rangi pale pale
nilipokuwa nikiligonga kwa mwiko, nikidai kichwa cha samaki.

Vidole vikaandika kabla sijaviruhusu:
"Minza Lubango. Anauza sato wa kukaanga, Bandari ya Kaskazini."

Kimya.
Salha anaandika. Haandiki. Anaandika.
"Hayumo. Jibu si sahihi. Sifuri."

Akafunua cha pili, cha tatu: umati, vibendera vya karatasi.
Cha tano: meno, medali, shada la maua,
na Kijiko akamtaja upesi yule mkimbiaji,
siku aliyoshuka melini na mji mzima ukateremka kumpokea.
Mji mzima, na mama, aliyeteremka kuuza.
Hata hamtazami shujaa.
Uso nusu umekatwa na ukingo wa picha,
nusu iliyobaki inahesabu chenji.

Nyumbani hatuna picha yake. Ilikuwepo moja ndogo,
ya kitambulisho; ikalowa masika yale paa lilipong'oka,
sura ikahamia kwenye plastiki, na plastiki sijui aliitupa nani.

Wenzangu wameshaendelea, wanagombania mdomo wa mwanasiasa.
Salha akanifuata pembeni, faraghani:
"Minza ni nani?"
Nikaandika mengi. Nikafuta.
Nikaandika: "Mama."

Hakusema pole. Alinitumia picha nzima, isiyo na visanduku,
nzito, ikawa inafunguka kutoka juu kwenda chini,
taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi za meli na mizigo:
mbingu kwanza, bomba la moshi, kofia za watu, medali,
na mimi pale jiweni naiombea bando langu
lisiishe kabla ya pembe ya chini kushoto.

Halikuisha.

Pointi sikupewa. Sheria ni sheria.
Ila ufa wa simu ulikuwa umempitia begani,
na asubuhi nikawahi kibandani, kabla ya mteja wa kwanza,
nikabadilisha kioo changu.