Mkongo wa Mwaloni

Alikuja na rula ya chuma na diploma iliyolowa,
akasema "masini", tukacheka, akasema tena "masini".
Mhandisi Murhula, wa Bukavu,
mwenye madaraja mawili yaliyoliwa na vita.

Kirumba, masika. Dagaa wa Nyanzobe
wamelala mchangani siku ya tatu, wanageuka uji,
naye anawatazama
kama mtu anayeona ada ya shule ikioza.

Murhula akaomba mapipa manne,
feni ya Fuso iliyokufa, magunia ya pumba za mpunga.
Usiku kucha alichora kwa mkaa ukutani kwangu.
Ukuta huo sijaupaka rangi mpaka leo.

Tanuri la kwanza liliunguza ndoo kumi na mbili.
Alizilipa mwaka mzima, mia mbili mia mbili,
kila sarafu ikiandikwa kwa mwandiko wa shule ya mapadri.
La pili lilitoa moshi tu.
La tatu, dagaa walitoka wakilia kama senti mfukoni.

Leo yapo arobaini, mpaka Ukerewe, mpaka Musoma;
tunachomelea Igogo, vijana tisa na mimi mzee.
Kwenye bati huandika jina refu la Kifaransa.
Hakuna alisomaye. Akina mama husema tu:
"Washa Mkongo."

Mwaka wa kumi na saba uraia ulitoka.
Alishuka mwaloni na suti, karatasi ndani ya plastiki:
"Tangu leo, mimi si Mkongo tena."
Nyanzobe hakugeuka, mikono imezama kwenye dagaa.
"Hongera, baba. Mkongo anataka pumba."