Dole Gumba

Bawabu wa Uhuru na Kazi alisema:
acha kitambulisho hapa ndipo uingie.
Nikamwambia, ndicho tulichokuja kutafuta.
Basi bila hicho, akasema, hapiti mtu.
Baba akacheka kwa meno mawili yaliyobaki.

Tulipita kwa changu. Mtoto akamdhamini mzazi.
Daftarini nikaandikwa Zuhura Bwanali Kalanje,
na chini yangu, bila jina, "mgeni mmoja".
Mgeni! Mtu aliyevuka Nyali
daraja lingali likielea.

Mwaka wa arubaini na mbili walimtoa kwao, upande wa Nyasa,
wakampa namba, kofia na sahani ya bati.
Cheti cha kuzaliwa hawakumuuliza.
Walilichovya dole gumba lake katika wino,
wakaligandamiza kwenye karatasi,
na karatasi ikampeleka Bama.
Huko, asema, mvua haikuwa na adabu,
ruba walipanda hata mapajani,
na Akimu, wa kijiji chao, alikufa akiomba chumvi.
Hapo hunyamaza.
Mimi nina miaka hamsini na minane
na sijapata kusikia kilichofuata baada ya chumvi.

Meli ikawashusha Kilindini.
Wenzake wakapanda gari la moshi.
Yeye alimwona mama akichoma mihogo Mwembe Tayari,
akasema, mimi nimefika.

Miaka thelathini akabeba magunia bandarini,
sukari, saruji, kahawa ya watu wa bara,
na gunia likamla ngozi ya vidole
taratibu, kama panya alavyo msahafu.

Uhuru ulipoingia likatoka tangazo:
waliozaliwa nje wajiandikishe, muhula miaka miwili.
"Nilikuwa zamu ya usiku."
Hilo ndilo jibu lake kwa kila afisa,
tangu wale wa kaptula hadi hawa wa kompyuta.
Kipande alikuwa nacho. Mwaka wa themanini na tisa
wakakiomba, wakitazame kidogo.
Wanakitazama mpaka leo.

Mama alipofariki, kibali cha kumzika
kilitoka kwa jina la jirani.
Na alfajiri moja Kisauni, akienda kuswali,
doria ikamzoa. Kufika mahabusu
akasimama wima, visigino pamoja,
mpaka koplo akaona haya, akamletea kiti.

Sasa barua imekuja, ina muhuri, na jina lake limo.
Karani, Riziki Mwangolo, binti mwenye subira,
akalishika dole, akaliweka juu ya kioo.
Mashine ikalia: hakuna mtu.
Akalisugua kwa ndimu. Hakuna mtu.
Akalifuta kwa ncha ya mtandio wake, akalipulizia,
kama apulizaye jicho la mtoto.
Hakuna mtu.
"Kimebaki Kilindini," baba akasema.
"Tumeni mtu akakiite."

Riziki akaandika kwa mkono wake:
alama zimefutika kwa kazi.

Kisha kiapo. Baba akainua kiganja, akasita.
"Yule mfalme wa kwanza niliyemwapia sikumwona.
Huyu wa sasa ni nani?"
"Si mtu, mzee. Ni nchi."
"Ah. Hiyo nimeshaiona."

Kadi ilitoka baada ya wiki tano.
Picha yake hakuitazama sana.
Sikumpeleka benki, wala kwenye pesa za wazee;
alitaka kwanza arudi pale mlangoni.

Akampa bawabu kadi.
"Unakwenda ofisi gani, mzee?"
"Hakuna."

Akaingia hatua kumi, labda kumi na mbili,
akasimama katikati ya ukumbi, watu wakimpita
na mafaili yao kwapani.
Akageuka kiaskari, gongo likichelewa nyuma yake,
akarudi hadi mezani
na kunyoosha mkono.

"Nipe changu."