Maharagwe ya Jumapili

Jumamosi usiku nayaloweka,
vikombe vinne kwenye ndoo ya bluu, maji yapite vidole viwili.
Nikizima taa nayasikia yakinywa,
tiki, tiki,
kama majirani wanaosengenyana nyuma ya ukuta.

Jumapili nayainjika alfajiri, kwa makaa,
ujiani, kabla Mama Pendo hajaanika nguo zake,
maana gesi ina haraka na maharagwe hayana.
Chumvi mwishoni. Mama alisema hivyo kule Mwala;
sikumwuliza sababu, na Ndanu haniulizi mimi.

Yakiiva nayagawa:
kopo la siagi, kopo la aisikrimu,
na lile lisilo na kifuniko, ninalolifunika kwa kisahani.
Kopo la aisikrimu tulipewa tupu.
Kyalo anajua, na bado hulifungua kwa matumaini.

Kisha kalenda. Nyuma ya Februari uliokwisha
nachora vyumba kwa rula ya shule.
Jumatatu, wali na maharagwe.
Jumanne, ugali na sukuma; Mama Kavata ataikatakata
nikiwa bado kazini, nitaipitia saa moja.
Jumatano, maharagwe yale yale, ila yamepondwa,
yamekaangwa kwa kitunguu na hoho hadi yasijitambue.
Alhamisi, ndengu.
Ijumaa huwa siijazi.

Nabandika mlangoni mwa friji kwa plasta ya vidonda.

Baba yao huoka mikate Eneo la Viwanda.
Yeye anaingia, mimi natoka, tunapishana ngazini,
unga kwenye nyusi zake, kitambulisho cha kazi shingoni mwangu.
Mengine tunaambiana pale mlangoni mwa friji.
Yeye hutumia penseli:
Vitunguu vimebaki viwili.
Kyalo hakumaliza wali, anakohoa.
Sukuma ya jana ilikuwa na mchanga.
(Nikamjibu chini yake: mchanga ni wa Mama Kavata,
peleka malalamiko huko.)
Miaka kumi na miwili ya ndoa.
Barua zetu zimo kwenye droo ya vijiko, zina madoa ya mafuta.

Wiki hii stima ilipotea Jumanne usiku.
Friji ikatoka jasho mpaka sakafuni.
Maharagwe ya Jumatano tukayala asubuhi, na chai,
kabla hayajachacha, watoto wakicheka
kwamba leo tumeamkia chakula cha jioni.

Alhamisi, ndengu zikiwa nusu,
moto wa gesi ukawa njano, ukakohoa, ukazima.
Saa mbili usiku. Tarehe ishirini na sita.
Nikakaa juu ya ndoo ya bluu, mwiko mkononi,
nikaitazama ratiba yangu iliyonyooshwa kwa rula,
nayo ikanitazama.

Ndanu hakusema neno.
Alishika sufuria kwa vitambaa viwili, akateremka
hatua moja moja hadi kwa Mama Pendo,
akarudi saa tatu kasorobo.
Ndengu zilikuwa zimelainika,
na juu yake kulikuwa na dania
ambayo si yetu.

Tukala. Usiku huo sikuandika kitu.

Ijumaa nimerudi nimechoka hadi kwenye meno.
Kile chumba kitupu kimejazwa, penseli imekandamizwa
mpaka karatasi imetoboka kidogo:
Gesi nimekopa kwa Mutiso.
Viazi viko chini ya sinki.
Nimebadilishana zamu na Barasa.
Usipike.

Na kweli yupo. Mezani.
Amelala, shavu juu ya mkono, kiazi mkononi,
nusu kimemenywa.
Kyalo, kando yake, anamalizia vilivyobaki,
maganda mazito kama soli ya kiatu.
"Usimwamshe," ananinong'oneza.

Sikumwamsha.
Nimevua viatu, nimetafuta kisu cha pili.