Ekari Moja na Nusu

Ardhi hii aliitoa Balzer Hirsch,
si kwa ukarimu, alisema bibi yangu,
bali plau yake ilivunjika hapa mara mbili
juu ya mawe, na ngano ilipakataa.
"Wapeni wafu," akasema. "Wao hawalimi."
Wiki haijaisha akamleta wa kwanza,
binti yake, Ottilia, wa siku kumi na moja.

Walikuwa kaya tisa,
Wajerumani waliotoka nyika za Urusi
wakaja nyika nyingine, Dakota ya Kaskazini,
na mbegu ndani ya soksi.
Mti wa karibu ulikuwa mwendo wa siku nzima kwa gari la ng'ombe,
kwa hiyo Klemens mhunzi akafua misalaba ya chuma
kutokana na magurudumu yaliyochakaa na meno ya reki,
kila msalaba na jua lake dogo katikati.
Alilipwa mayai. Pengine hakulipwa.

Afaye Januari hazikwi Januari.
Udongo huwa fuawe,
sururu hurudi na cheche.
Basi waliwalaza ghalani, juu ya shayiri,
wamefungwa shuka, hadi Aprili,
na watoto waliotumwa kuchota chakula cha kuku
walijifunza kubisha hodi kwanza.

Mwaka wa homa kubwa
safu ya nne ilijaa kwa wiki tatu.
Padri mwenyewe yu taabani; sala ilisomwa na mkunga,
Kreszentia Vetsch, aliyewapokea karibu wote wakija,
akawasindikiza wakirudi.
Alikosea jina moja kwenye bamba la bati:
Annton, n mbili.
Ukoo wake wote ulio hai leo
unaliandika hivyo hivyo.

Kona ya mashariki, nje ya ua wa zamani,
yupo mtoto asiyebatizwa, na aliyejinyonga,
na mchuuzi wa sindano aliyekutwa na theluji njiani,
mkoba wake mkavu, kila sindano mahali pake.
Hakuna aliyemfahamu. Wakaandika: Mgeni.
Mgeni siku mbili; ya tatu jembe lilimfika,
ila si la kulimia.

Mwaka 1951 nguzo za ua zilipooza
wanaume walikutana, wakanywa bia, wakapima upya.
Daftari halisemi nani alipinga, nani alinyamaza.
Linataja misumari, waya, bei.
Ua mpya umewazunguka wote.

Reli ilipita maili kumi na mbili kusini.
Duka likaifuata reli, shule ikalifuata duka,
kanisa likauzwa ubao kwa ubao.

Ramani ya makaburi iliungua na nyumba ya katibu,
ndiyo maana tunatumia fimbo ya chuma.
Mpwa wangu Leona huchoma udongo taratibu:
palipochimbwa zamani fimbo huzama kama kwenye mkate,
pengine hugoma.
Tumepata ishirini na sita wasio kwenye orodha.
Wengi wao ni wafupi.

Mimi ndiye mweka hazina. Tuna dola mia nne na kumi
na mashine ya kukatia nyasi, ya kuazima.
Wanachama tuko watano; wawili hawatoki kitandani.
Kila Juni naanza kwa Ottilia,
kwa mkasi, siyo mashine,
maana msalaba wake ni mdogo na umeinama,
na jua lake lina miale kumi na moja.
Niliihesabu nikiwa na miaka sita.
Klemens hakumwambia mtu.

Pangu nimeshachagua, safu ya saba, upande wa Mgeni.
Leona alipachoma kwa fimbo ili kuhakikisha.
Ikaingia kiganja kimoja, ikalia ngo.
Jiwe. Ndugu wa yale ya Balzer, bila shaka.
"Pako wazi," akasema, akaandika.

Wanangu nimewaambia mapema
wanunue sururu nzuri.
Na nitajitahidi
isiwe Januari.