Nyuma ya Kioo

Kwa Safta tulianzia mwisho.
Kwanza kope. Kwanza kile kitone cheupe
kinachoketi ndani ya mboni na kuipa uhai.
Ndipo mstari wa pua, mdomo uliofumba,
mikunjo ya shela; kisha kivuli; kisha nyama ya shavu;
na mbingu, ambayo Mwenyezi aliitanguliza,
sisi tuliipaka jioni, mgongo ukiuma,
kwa rangi iliyobaki.

“Ubao utaukwangua,” alisema, “ukuta utaupiga chokaa upya.
Kioo unakipaka kwa nyuma, kinatazamwa kwa mbele,
na wa mbele huona kwanza ulichoweka kwanza.
Ukikosea kope, ikikauka, huna pa kuizika.”

Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Milimani kwetu Transilvania theluji ilikwisha kufunga mazizi,
na kazi yangu ilikuwa yai:
kutenga ute na kiini, kukihamisha kiini
kiganja hadi kiganja mpaka ngozi yake ikauke,
kukitoboa, kukikoroga na masizi ya jiko.
Buluu ilikuwa ile ile ya kufulia mashuka.
Brashi, nywele za mkia wa paka; naye paka alijua,
akiniona na mkasi huparamia dari.

Februari akaja Todosia
na kioo chake mwenyewe, amekiviringisha
ndani ya koti la Vichentie, mwanawe,
ambaye mgodi wa chumvi ulimmeza usimteme.
Kilikuwa kioo cha dirisha la barabarani,
lile la kumngojea kila Jumamosi.
Pale kilipotoka alikuwa amepigilia mbao.
“Nichoreeni Mama,” alisema. “Kutazama njia nimechoka.”

Safta alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kushoto,
mweupe kama ute uliochemka.
Aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu,
akangoja ukungu uondoke, akaanza.
Kope ya juu ikakaa. Ya chini
mkono ukatetemeka, mstari ukateleza,
ukashuka shavuni kama mtu aliyekosa ngazi.

Ulikuwa bado mbichi. Nikanyoosha kitambaa.
Akanidaka kifundo cha mkono. Tukakaa hivyo
hata kuni zikaporomoka jikoni.
“Lete rangi ya ngozi,” akasema.
Nilipomuuliza kwa nini, alijibu yai linaganda.

Jina nilipewa mimi niliandike juu,
kinyumenyume, ili mbele lisomeke.
Nikasahau kugeuza herufi moja. Hadi leo
imewapa wenzake mgongo. Safta alicheka mpaka akakohoa:
“Mwenye jina atajijua.”

Todosia alikigeuza kioo mwangani.
Akakisogeza, akakirudisha.
“Huyu naye hajalala,” alisema,
na akaketi chini, pale pale penye maganda ya mayai,
akalia kwa mara ya kwanza
tangu tulipozika jeneza lisilo na mtu.
Alilipa bonge la chumvi lililokuwa mfukoni mwa koti.
Safta hakulitia chunguni.

Nilidhani atakitundika ukuta wa mashariki,
chini ya taulo la tarizi, kama kila nyumba.
Todosia aling’oa mbao,
akakirudisha kioo dirishani, uso ukielekea ndani.

Kwa hiyo sisi tuliopita Jumapili kwenda kanisani
tuliona upande wetu tu: buluu ya dobi,
michirizi, alama ya kidole changu gumba,
mabaka kama shuka lililoanikwa likasahauliwa.
Wanaume walivua kofia mbele ya mabaka yale.
Mama yangu alifanya ishara ya msalaba.
Mimi nilijua kope ziko wapi, na ule mstari ulioteleza.
Hapo nilipunguza mwendo,
kama upitavyo nyuma ya mtu anayesali.