Kufunga, Kufungua

Saa kumi na mbili na robo, Buxton,
kando ya pampu za petroli,
Bi Khuleita amesimama mbele ya kabati la vifurushi
na namba sita kwenye simu.
Amezibofya mara nne.
Mara nne kioo kimemjibu kwa adabu:
*Asante. Mzigo wako umekwisha kuchukuliwa.*

"Nimetukua nini?" aniuliza. "Mlango si huu, umefungwa?"

Mimi ndiye fundi. Nimekuja na bisibisi,
mita ya stima, na midomo mikavu
ya mfungo wa kumi na mbili.
Ewe kitasa namba ishirini na tatu,
leo tumefunga sote.

Hebu nikueleze, mama, huku nafanya kazi.
Humo hamna tundu la ufunguo.
Mna ulimi wa chuma, mfupi kuliko kidole gumba,
springi ya kuusukuma,
na waya nyembamba ya shaba
iliyozungushwa kama uzi wa cherehani kwenye bobini.
Bila stima ni waya tu, haijui lolote.
Namba zako zikikubaliwa
huko ndani huipa volti kumi na mbili
kwa nusu sekunde. Ikipewa zaidi, huungua.
Kwa nusu sekunde hiyo waya ni sumaku,
na ulimi unarudi nyuma ghafla
kama wa msengenyaji aliyekumbuka, katikati ya jina la mtu,
kwamba yu katika Ramadhani.

Tak. Mlango waruka.

Kisha kuna swichi, ndogo kama punje ya mchele.
Kazi yake ni kutoa habari, na habari zake ni mbili tu:
*nimefunga*,
*nimefungua*.
Hiyo ndiyo shahidi. Na shahidi wetu huyu
amekula chumvi,
si ya miaka, mama, chumvi hasa,
hii ya mkono wa bahari wa Tudor inayopenya kila ufa
na kuotesha kijani juu ya shaba.
Juzi stima ilipopotea ikarudi
akaapa kuwa amefungua.
Mtambo ukamwamini, ukazifuta namba zako.

Bi Khuleita anasikiliza kama yuko kwa kadhi.
Halafu ananisogelea, anashusha sauti
Mwachiro mlinzi asisikie:

"Mwanangu, humo mna meno."

Meno?

"Ya Bwana Twahir. Yametengezwa Nairobi, juu na chini.
Siku kumi na mbili afungua kwa uji.
Sambusa azitazama tu, azisukuma kwa mjukuu.
Jana kaitafuna tende kwa ufizi hata akatokwa na matozi,
akasema ni moshi wa jikoni.
Nasi twapikia gesi."

Sikucheka. Ulimi niliurudisha nyuma.

Kila kabati la namna hii lina njia ya siku mbaya.
Iko wapi, sikuambii,
na Mwachiro, anayejifanya anahesabu magari, simwambii pia.
Nilipiga simu ofisini, nikataja jina langu na namba yangu,
nikageuza mgongo ukawa pazia,
nikagusisha betri.

Mara ya kwanza, kimya.
Mara ya pili, waya ikanguruma kama paka aliyeshikwa mkia.
Na msikiti wa nyuma ya stesheni ulipokohoa kwenye spika,
kabla muadhini hajavuta pumzi,
tak.

Boksi lilikuwa jepesi. Alilifungua pale pale.
Kwenye pamba meno yalikuwa yamekenua,
meupe kuliko haki ya mzee wa miaka sabini na sita.
"Haya," akayaambia, "twende, sambusa zapoa."
Akaondoka bila kuaga, buibui likipepea.
Kisha akarudi mbio,
akanitia tende tatu kiganjani, akaenda tena.

Nilikula moja. Moja nikampa Mwachiro, mbatizwa,
akaipokea kwa mikono miwili.
Nikaisugua swichi kwa spiriti mpaka shaba ikarudi rangi,
nikausukuma mlango kwa nyonga.

*Nimefunga*, ikasema.

Kweli, nikaijibu,
kokwa ingali shavuni.
Sasa umebaki peke yako.